Tunaonaje, na Rangi Hutoka Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, ingawa walioziandika wanaishi mbalimbali na hawajuani: nuru, jicho na rangi ya vitu. Kwa hiyo tumeutoa ukurasa wote kwa jambo hilo. Barua ya mwalimu wa Mbale imetangulia kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua njia ya majibu mengine.

Je, nuru hutoka jichoni au huingia jichoni?

*Mheshimiwa Mhariri, nafundisha sayansi katika shule ya msingi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana anashikilia kwamba jicho hutoa nuru yake na kuipeleka hadi kwenye kitu, na ushahidi anaoutoa ni macho ya paka yanayowaka gizani. Nami nilimwambia kwamba nuru hutoka kwenye kitu na kuja jichoni. Akaniuliza: jiwe lina taa gani? Mti una taa gani? Naomba unisaidie kumjibu kwa adabu na kwa hoja. — Mwalimu, Mbale*

Mwalimu, msimamo wako ndio sahihi, lakini mwambie mzee kwamba alichokisema kiliwahi kuaminiwa na watu wenye elimu kubwa. Euclid na Ptolemy, wataalamu wa kale walioandika kwa Kigiriki, walifundisha kwamba miale hutoka jichoni na kuvigusa vitu, na fundisho hilo likadumu kwa karne nyingi. Aliyelibomoa kwa hoja na kwa majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa mnamo mwaka 965, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Kairo. Aliona kwamba mtu akitazama nuru kali jicho huuma, na akilifumba baada ya kutazama, alama ya mwangaza ule hubaki kwa muda. Jicho haliwezi kuumizwa na kitu linachokitoa lenyewe. Lazima kuna kitu kinachoingia. Zaidi ya hayo, tufumbuapo macho usiku tunaziona nyota papo hapo, wala si rahisi kuamini kwamba kitu kilichotoka katika mboni ndogo kimekwisha kufika mbinguni na kurudi kwa muda huo mfupi. Kwa wanafunzi wako ipo hoja nyepesi zaidi: kama macho yangekuwa na nuru yake, pasingekuwapo mtu wa kushindwa kuona ndani ya chumba kilichofungwa madirisha yote.

Sasa tulijibu swali la jiwe na mti, ambalo ni swali zuri kweli. Jiwe halina taa. Nuru yake ni ya kuazima. Mwanga wa jua husafiri kilomita takriban 300,000 kwa kila sekunde, nao huhitaji dakika 8 hivi kuvuka kilomita milioni 150 zinazotutenga na jua. Ukifika kwenye jiwe, sehemu yake humezwa na jiwe na kugeuka joto, na sehemu nyingine huakisiwa, yaani hurudishwa. Ile iliyorudishwa ikaangukia jichoni mwako ndiyo inayokuwezesha kuliona jiwe, na ile iliyomezwa haiji kwako tena. Kwa hiyo vitu tunavyoviona ni vya aina mbili tu: vile vyenye nuru yake, kama jua, moto, taa na kimulimuli, na vile vinavyorudisha nuru ya wengine, ambavyo ni karibu kila kitu kingine, hata mwezi.

Kuakisi nako kuna namna mbili, na hapa wanafunzi huchanganyikiwa wasipopewa muda. Kwenye kioo, au kwenye maji ya Ziwa Bunyonyi asubuhi kabla ya upepo, kila mwale hurudi kwa pembe ileile uliyofikia nayo. Miale yote iliyokuja pamoja huondoka pamoja, na kwa sababu hiyo unaona sura ya mlima ndani ya maji. Kwenye ukuta, kitabu au uso wa mtu, miale hutawanyika kila upande, kama mpira unaodundishwa juu ya njia ya changarawe: kila pigo hukutana na kokoto iliyoinama kivyake, na mpira huruka usikotarajia. Utaniuliza karatasi laini ina changarawe gani. Wimbi la nuru ni dogo mno, kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa kipimo hicho karatasi ambayo vidole vinaiona laini ni nchi ya milima na mabonde. Tushukuru kwa mtawanyiko huo, kwa sababu ndio unaowafanya watoto wote darasani, walioketi mbele na walioketi pembeni, waone neno lilelile ubaoni kwa wakati mmoja. Ubao unaong'aa kama kioo huwaudhi walioketi upande wa dirisha, na kila mwalimu analijua hilo.

Nuru ikifika jichoni hukutana kwanza na konea, yaani kile kioo angavu cha mbele, nacho hufanya takriban theluthi mbili za kazi ya kuikunja miale ili ikutane mahali pamoja. Kisha hupita kwenye mboni, tundu linaloweza kusinywaa hadi milimita 2 hivi penye jua kali na kupanuka hadi milimita 7 au 8 gizani. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo hukamilisha kazi kwa kubadilisha unene wake kulingana na umbali wa kitu. Nyuma kabisa, sentimita mbili na nusu hivi kutoka mbele ya jicho, kuna utando uitwao retina, wenye chembe hai zaidi ya milioni 100 zinazohisi nuru. Hizo huigeuza nuru kuwa ishara za umeme, na neva yenye nyuzi zipatazo milioni moja huzipeleka ishara hizo kwenye ubongo.

Picha inayoangukia retina huwa imepinduka, juu chini na kulia kushoto, jambo lililoelezwa na Johannes Kepler mwaka 1604. Wanafunzi wako wanaweza kulishuhudia bila vifaa vya gharama. Chukueni boksi la kadibodi, mtoboe upande mmoja tundu dogo kwa sindano, mkate dirisha upande wa pili na kulifunika kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia. Mwanafunzi ajifunike shuka kichwani pamoja na upande wa karatasi, aelekeze tundu kwenye mti ulio juani, na atauona mti huo kwenye karatasi ukiwa umesimama kwa matawi yake. Atauliza mara moja kwa nini basi hatuioni dunia ikiwa imepinduka. Jibu ni kwamba ndani ya kichwa hakuna mtu mwingine anayeitazama ile picha. Ubongo hupokea ishara, na tangu utoto umejifunza ni ishara zipi zinazotoka kwenye vitu vya juu na zipi zinazotoka kwenye vitu vya chini.

Kuhusu macho ya paka, mwombe mzee asubiri kidogo. Ndugu dereva wa barabara ya Masaka ameuliza jambo hilohilo, na jibu liko hapa chini.

Rangi moja dukani, rangi mbili nje

*Mhariri, mimi ni fundi cherehani. Mteja wangu alinunua kitambaa cha gomesi katika duka moja la Kikuubo na cha mshipi katika duka jingine, na chini ya taa za dukani vyote vilikuwa zambarau moja. Alipokuja kuchukua nguo saa sita mchana, tukiwa nje ya mlango, mshipi ulionekana umeelekea wekundu. Yeye anasema amepunjwa, na muuzaji anaapa kwamba kitambaa ni kilekile. Nani mkweli? — Fundi, Kampala*

Dada fundi, yamkini wote wawili ni wakweli. Shahidi aliyewadanganya ni taa.

Nuru ya jua tunaiita nyeupe, lakini ni mkusanyiko. Mwaka 1672 Isaac Newton alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kupitisha mwale wa jua ndani ya kipande cha kioo chenye pande tatu, akaonyesha kwamba mwale huo hujitandaza kuwa rangi zote za upinde wa mvua, na kwamba rangi hizo zikikusanywa tena hurudi kuwa weupe. Tofauti kati ya rangi moja na nyingine ni urefu wa wimbi. Jicho letu huhisi mawimbi ya kuanzia nanomita 380 hivi (milimita moja ina nanomita milioni moja), upande wa urujuani, hadi karibu 750, upande wa wekundu. Dawa ya kutilia nguo rangi humeza baadhi ya mawimbi hayo na kuyaacha mengine yarudi. Ile ya zambarau humeza zaidi yale ya katikati, yenye ukijani na umanjano, na kurudisha ya buluu na ya wekundu. Kwa hiyo kitambaa kinaweza kurudisha tu kile kilichopewa. Kitambaa chekundu kikiwekwa chini ya ile taa ya sodiamu ambayo karibu nuru yake yote ni ya manjano, huonekana kama matope, kwa sababu wekundu wa kurudisha haupo.

Upande wa pili wa habari hii umo ndani ya jicho. Rangi huhisiwa na chembe ziitwazo koni, takriban milioni 6 katika kila jicho, na koni hizo ni za aina tatu tu: moja huhisi zaidi mawimbi mafupi, ya pili ya kati, ya tatu marefu. Ubongo haupewi orodha ya mawimbi yote yaliyofika. Hupewa viwango vitatu, na kwa kuvilinganisha viwango hivyo ndipo huamua kwamba hii ni zambarau au hii ni kahawia. Thomas Young alikwisha kulikisia jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, miaka mingi kabla koni zenyewe hazijapimwa. Matokeo yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani: michanganyiko miwili ya nuru iliyo tofauti kabisa ikitoa viwango vitatu vilivyo sawa, jicho haliwezi kuitofautisha. Tazama bendera yetu ya Uganda kwenye simu. Mstari wa manjano unaouona hapo karibu hauna mawimbi ya manjano yenyewe, kwa kuwa kioo cha simu kina vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu tu, na manjano yake ni wekundu na ukijani vilivyowashwa pamoja. Bendera ya kitambaa inayopepea juani hurudisha mawimbi ya manjano yenyewe pamoja na jirani zake. Nuru hizo mbili hazifanani, lakini jicho huziita jina moja.

Hayo ndiyo yaliyowapata. Viwanda viwili hutumia dawa mbili tofauti kupata zambarau. Taa nyingi nyeupe za siku hizi, zile zinazokula umeme kidogo, zina nuru nyingi ya buluu na ya manjano lakini hupunguka sana kwenye wekundu wa mwisho kabisa. Ikiwa kitambaa cha mshipi hurudisha wekundu huo kwa wingi na kile cha gomesi hakirudishi, taa ya dukani haina uwezo wa kuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa mawimbi yenyewe hayamo ndani yake. Jua la saa sita lina kila kitu, na tofauti iliyokuwa imefichika hujitokeza. Kitambaa hakijafifia na hakuna aliyekibadilisha.

Lipo tatizo jingine linalofanana na hili, nalo ni kwamba ubongo hukadiria nuru ya mahali na kuiondoa katika hesabu yake. Kwa sababu hiyo karatasi huonekana nyeupe juani na huonekana nyeupe kando ya kandili, ingawa kando ya kandili inatuma nuru ya manjano. Hata rundo la makaa, ambalo hurudisha asilimia chache tu za nuru, likiwa juani hutuma jichoni nuru nyingi zaidi kuliko karatasi nyeupe iliyo ndani ya nyumba, na bado tunaliona jeusi. Ubongo ukikosea makadirio hayo, watu hugombana. Mnamo Februari 2015 picha ya gauni moja ilienea duniani kote, wengine wakiapa kwamba ni la buluu na nyeusi, wengine kwamba ni jeupe na la dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi, lakini picha haikuwa na dalili za kutosha kuhusu nuru iliyoliangukia, na kila ubongo ukakadiria kivyake.

Kwa kazi yako ningeshauri hivi: usiuamini ulinganifu wowote wa rangi ulioonekana chini ya taa peke yake. Peleka vitambaa nje, ukae kivulini pasipo jua la moja kwa moja, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maana jua likikaribia kuzama nuru yake huwa imepungukiwa na buluu na hukupotosha kwa upande mwingine. Uzi nao uulinganishe hivyohivyo. Na kama nguo itavaliwa kwenye sherehe ya usiku, itazame tena chini ya taa kabla ya kukata.

Theluji ya Rwenzori

*Barafu ya friji unaweza kuona ng'ambo yake. Kwa nini theluji ya mlimani ni nyeupe, ilhali zote ni maji? — Mwanafunzi, Kasese*

Mwanangu, theluji ni vipande vidogo mno vya barafu vilivyochanganyika na hewa. Kila nuru inapovuka kutoka hewani kuingia kwenye barafu, au kutoka kwenye barafu kuingia hewani, sehemu yake ndogo hurudi nyuma. Ndani ya kina cha kiganja kimoja cha theluji mipaka hiyo ni mingi kiasi kwamba karibu nuru yote huishia kurudishwa, na kwa kuwa barafu haichagui rangi ya kuirudisha, zote hurudi kwa pamoja na jicho huona weupe. Povu la sabuni, chumvi na kioo kilichosagwa ni vyeupe kwa sababu hiyohiyo. Wapandao kileleni, kwenye mita 5,109, huvaa miwani myeusi, kwa maana nuru inayorudishwa na theluji huweza kuunguza konea kama jua linavyounguza ngozi.

Mtoto anayejikwaa jioni

*Mhariri, mtoto wangu wa miaka minne anaona vizuri mchana, lakini jua likizama anajikwaa kwenye vigoda na kunishika nguo. Bibi yake anasema ni kawaida, kwamba hata sisi watu wazima gizani hatuoni rangi. — Mama, Soroti*

Mama, mambo haya ni mawili, na la mtoto halifai kusubiri. Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Kushindwa kuona wakati wa magharibi ni mojawapo ya dalili za kwanza za upungufu wa vitamini A, na ukipuuzwa konea hukauka, hupata vidonda, na mtoto anaweza kupofuka kabisa. Ukiwahiwa hutibika. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita kwa watoto wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi 59, kwa hiyo mwanao bado yumo katika umri huo.

Ngoja nikueleze kwa nini dalili huanza gizani. Mbali na koni, retina ina chembe nyingine ziitwazo fito, kama milioni 100 au zaidi, ambazo ni nyepesi mno kuhisi nuru hafifu. Ndani ya kila fito kuna kemikali inayoshika nuru, na kiini cha kemikali hiyo hutengenezwa kwa vitamini A. Kiini hicho hukaa kimejikunja. Nuru ikikigusa hujinyoosha, na kujinyoosha huko ndiko kunakoanzisha ishara ya kwenda kwenye ubongo. George Wald aliigundua vitamini A ndani ya retina mwaka 1933, na mwaka 1967 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa utafiti wa jicho. Koni nazo zinahitaji vitamini hiyo, lakini mchana nuru ni nyingi na upungufu hauonekani. Jioni fito hubaki peke yake kazini, na hapo ndipo mtoto huanza kujikwaa.

Hapo Teso mnalima viazi vitamu kuliko sehemu nyingi za nchi. Vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina kemikali iitwayo beta-karotini, ambayo humeza mawimbi ya buluu na kuyaacha ya manjano na mekundu yarudi. Ndiyo sababu ya rangi yake. Kemikali hiyohiyo, ambayo umbo lake ni kama mnyororo, ikiingia mwilini hukatwa katikati na kuwa vitamini A. Mnyororo uliokuwa ukishika nuru ndani ya kiazi huishia kushika nuru ndani ya jicho la mtoto, na mimi sijui jambo la kupendeza zaidi ya hilo katika elimu hii yote. Mganda mwenzetu, Dkt. Robert Mwanga, alizalisha aina za viazi hivyo zinazostahimili mashamba yetu, na mwaka 2016 alikuwa mmoja wa watu wanne walioshiriki Tuzo ya Chakula Duniani. Vipike na mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta beta-karotini haipokelewi vizuri tumboni. Lakini viazi havichukui nafasi ya kituo cha afya kwa mtoto aliyekwisha kuonyesha dalili.

Bibi naye amesema kweli kwa upande wake. Fito ni za aina moja tu, na chembe za aina moja haziwezi kulinganisha viwango, kwa hiyo hazitoi rangi. Nuru ya mwezi mpevu ni nuru ya jua iliyorudishwa na uso wa mwezi, ambao kwa kweli ni wa kijivu cha giza na hurudisha takriban asilimia 12 tu. Inapotufikia ni dhaifu kuliko ya jua kwa mara 400,000 hivi, na koni karibu zote huwa zimelala. Tena fito hazihisi wekundu sawasawa, na ndiyo maana jioni maua mekundu hugeuka meusi wakati majani yake bado yanaonekana. Mtu mwenye macho mazima akitoka penye taa huhitaji nusu saa hivi ili fito zake zizoee giza kikamilifu, lakini baada ya hapo huona njia bila kujikwaa.

Macho yanayowaka barabarani

*Usiku nikiendesha gari kwenda Masaka naona macho ya ng'ombe na mbuzi yakiwaka kabla sijaiona miili yao, na vibao vya barabarani huwaka pia. Vina umeme? — Dereva, Kampala*

Ndugu dereva, havina umeme, na macho hayo hayana nuru yake. Mzee wa Mbale asome hapa. Nyuma ya retina ya ng'ombe, mbuzi, paka, mbwa na hata komba kuna utando unaong'aa. Nuru iliyopita kwenye retina bila kushikwa hurudishwa na utando huo ili chembe zipate nafasi ya pili ya kuishika, na ile inayoponyoka tena hutoka kwa mboni kuelekea kulekule ilikotoka, yaani kwenye taa za gari lako. Wewe umeketi karibu na taa hizo, kwa hiyo unaiona. Aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Mzee akitaka kuhakikisha, amfungie paka wake ndani ya chumba chenye giza kamili, na hatayaona macho hayo yakiwaka. Sisi binadamu hatuna utando huo.

Vibao vya barabarani na vizibao vya waendesha boda boda hufuata kanuni ileile: vimepakwa punje ndogo za kioo, au vimechorwa vipembe vidogo, vinavyorudisha nuru kwa aliyeituma badala ya kuitawanya. Vumbi na matope huziziba punje hizo, na kizibao kichafu usiku hakina faida kubwa kuliko shati la kawaida. Wakumbusheni vijana wa boda kuvifua.

Unyoya wa mdiria

*Niliokota unyoya wa buluu wa mdiria ufukweni. Kaka yangu alipousaga ukawa unga wa kahawia. Rangi ilikwenda wapi? — Msomaji, Entebbe*

Haikuwa rangi ya kupakwa. Buluu ya mdiria hutokana na umbo la ndani la unyoya: vijitundu vya hewa vilivyopangwa kwa nafasi zinazolingana na urefu wa wimbi la buluu, hata mawimbi hayo yakirudi huimarishana na mengine hufifishana. Ukisaga unyoya, mpangilio huvunjika na buluu hutoweka, na kinachobaki ni rangi nyeusi-kahawia iliyokuwa nyuma yake. Chozi, yule ndege mdogo anayebadilika rangi akigeuka juani, hutumia ujanja wa jamaa hiyohiyo. Shorobo, ndege wa misituni, ni kinyume chao: wekundu wa mabawa yake ni kemikali halisi yenye madini ya shaba ndani yake, na ukiusaga unyoya wake unga hubaki mwekundu.

Mwanangu hutaja kijani badala ya nyekundu

*Kijana wangu wa miaka saba huchapwa shuleni kwa kukosea rangi. Ni uzembe? — Baba, Gulu*

Si uzembe, na nakuomba uende shuleni ukalizungumze kabla hajachapwa tena. Wapo watu ambao aina moja ya koni zao haipo au haifanyi kazi ipasavyo, na kwao nyekundu, kijani na kahawia hukaribiana mno. Hali hiyo huitwa upofu wa rangi, nayo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, mojawapo ya vifurushi vya vinasaba. Wanaume wana moja tu ya hizo, kwa hiyo hupatwa mara nyingi kuliko wanawake, na mara nyingi mvulana huipokea kutoka kwa mama ambaye mwenyewe anaona vizuri. Mwanakemia John Dalton alikuwa nayo, akaieleza mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1794. Alidhani majimaji ya jicho lake yana rangi ya buluu, akaagiza lichunguzwe baada ya kufa; yakakutwa angavu. Mabaki ya jicho hilo yalihifadhiwa, na mwaka 1995 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba alikosa koni zile za mawimbi ya kati.

Muulize mhudumu wa macho katika hospitali iliyo karibu kama ana vile vitabu vya vitone vya rangi vinavyoficha tarakimu, ambavyo vilianza kutumika mwaka 1917; kipimo huchukua dakika chache na hakiumi. Hali hiyo haina dawa, lakini haizidi wala haipunguzi akili ya mtoto. Mfundishe kuzitambua taa za barabarani kwa nafasi zake, nyekundu juu na kijani chini. Mwalimu wake akitumia ramani au michoro ya rangi, aandike majina ya rangi juu yake, na penseli za rangi za kijana ziwe na majina yaliyoandikwa ubavuni. Atakapokaribia kuchagua kazi, jueni mapema kwamba urubani na baadhi ya kazi za umeme hudai kipimo cha rangi.